Barua ya Ushuhuda kwa Kijana wa Sayansi: Tuangalie Nini?

Kila mwaka, tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa, vijana wanatufikia nyumbani na farde ya makaratasi mukononi. Wamoja wamepata diploma ya Leta, wengine wamemaliza masomo ya juu ya kemia, biolojia ama agronomia, na sasa wanatafuta burse, stazi ama nafasi ya asistanti. Wanakaa, wanauliza habari za watoto, wanakunywa maji, kisha neno lenyewe linatoka: "Mwalimu, tunaomba utuandikie rekomandasyo." Tena wanaongeza: "Iwe ya nguvu."

Iwe ya nguvu. Lakini nguvu ya barua inatoka wapi? Ni katika maneno matamu ya mwenye kuandika, ama katika kijana mwenyewe?

Katika kitabu hiki wenzetu wanaandika juu ya mahari, kilio na majina ya mababu, na mutu anaweza kushangaa: barua ya burse inaingilia wapi mu desturi? Sisi tunaona inaingia kabisa. Karatasi na muhuri vilitoka kwa Wazungu, ni kweli. Lakini lile tendo la mutu mukubwa kusimama mbele ya watu wasiomujua kijana na kusema "huyu ninamujua, mumupokee", wazee wetu walilifanya mbele Muzungu wa kwanza hajavuka Lualaba. Na walikuwa na sheria zake.

Tutofautishe kwanza makaratasi mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna ile hati ya mwenendo muzuri tunayoifuata ku komini. Hati ile inasema kwamba mutu hajulikani kwa ubaya: hakuiba, hakupiga mutu, hakufungwa. Ni vizuri. Lakini mawe ya Nyiragongo nayo hayajaiba hata siku moja, na hakuna anayeyapa burse. Barua ya ushuhuda inaulizwa kitu kingine: kijana huyu alifanya nini, nani alikuwa pale, na yule aliyekuwa pale yuko tayari kuweka jina lake chini?

Barua nyingi zinazopita mu mikono yetu zinafuata njia moja. "Ni kijana mutii, mupole, mwenye bidii, anaheshimu wakubwa, alipata asilimia 72." Kisha tarehe, sahihi na muhuri. Muhuri ni mukubwa, tena wa bluu, lakini musomaji aliye Liège ama Nairobi anabaki na swali moja: tukitoa jina la kijana huyu na kuweka la mwingine, kuna neno gani litabadilika? Kama hakuna, barua ile ilikuwa hati ya komini tu iliyovaa koti.

Tuone sasa namna wazee walivyofanya. Mu ndoa, hakuna kijana aliyejipeleka mwenyewe kwa wakwe. Alitumwa mushenga, mutu mukubwa mwenye kinywa kinachoaminiwa. Mushenga hakusema tu "kijana wetu ni muzuri". Aliulizwa: analima wapi? Nyumba yake umeiona? Siku baba yake alipougua, nani alimubeba? Na ndoa ikiharibika, wakwe walirudi kwa nani? Walirudi kwake. Muzee aliyepeleka vijana wawili wabaya hakuitwa tena mara ya tatu, na haya ile ilibaki mu nyumba yake.

Kwa ndugu zetu Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, jambo hili lilipangwa zaidi. Bwami, chama chao cha wakubwa, kina daraja: mwanaume anaanzia chini, ku kongabulumbu, na wachache sana wanafika ku kindi, daraja la juu. Utawala wa kikoloni uliikataza kisheria mwaka 1948, lakini haikufa. Daniel Biebuyck, Mubeleji aliyefanya utafiti kwa Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, ameeleza kwamba aliyetaka kupanda daraja hakujileta peke yake. Alihitaji mali, hilo tusilifiche, na mali mingi. Lakini alihitaji pia ndugu wa kumusimamia na wenye daraja wa kumuongoza, watu waliojua mwendo wake wa kila siku. Mugomvi na mwenye kiburi alipata shida hata kama mali yake ilijaa nyumba. Ndiyo kusema, wale waliosimama naye walijifunga naye kamba moja.

Hapo tunaona musingi wa kwanza. Anayeshuhudia anatoa sehemu ya jina lake mwenyewe. Kwa hiyo hawezi kushuhudia kitu asichokiona, na kijana hawezi kuomba ushuhuda kwa mutu ambaye hajawahi kumwonyesha kitu. Vijana wengi hawalijui hilo. Wanakimbilia jina kubwa, profesere mwenye vyeo vitatu aliyewafundisha mu odituare ya watu mia nne, na wanamuacha yule asistanti mudogo aliyekaa nao mu laboratware miezi sita. Barua ya profesere itakuwa na muhuri muzuri. Ya asistanti itakuwa na habari.

Ulaya nako walilijua jambo hili. Mwaka 1831 John Henslow, mwalimu wa mimea ku chuo cha Cambridge, Uingereza, aliulizwa kama kuna mutu wa kupanda meli iliyokuwa inakwenda kupima pwani za Amerika ya Kusini. Alimutaja kijana wa miaka 22, Charles Darwin, aliyekuwa hana diploma yoyote ya sayansi. Alisomea mambo ya kanisa, baada ya kuachana na udaktari. Henslow hakudanganya. Alimwandikia Darwin mwenyewe kwamba amewaambia yeye si mutaalamu aliyekomaa, lakini ni mutu anayefaa sana kukusanya, kutazama na kuandika kila kitu kinachostahili kuandikwa. Meli, kwa jina Beagle, iliondoka mwezi wa 12 mwaka ule, na yaliyofuata dunia inayajua. Tunachopenda sisi ni namna ya ushuhuda. Henslow alisema kijana anapungukiwa nini, kisha akasema anaweza nini. Na aliwezaje kujua? Alitembea naye. Watu wa Cambridge walikuwa wanawaona pamoja karibu kila siku wakitembea njiani, wakiangalia majani na wadudu. Macho ya mwalimu yalikuwa yamemwona kijana akiangalia.

Sasa tuje kwetu, ku darasa.

Tulikuwa na darasa la kupima mvua. Chombo cha kupimia kilikuwa chupa ya plastiki iliyokatwa na kutiwa alama, kwa sababu chombo cha kweli hakikuwepo. Kila mwanafunzi alipewa zamu ya kusoma kiasi cha mvua saa moja asubuhi na kuandika mu kaye yake, tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano. Mwisho wa mwaka, kaye zilikuwa nzuri ajabu. Zilijaa zote. Zilikuwa na milimita za siku za Noeli, milimita za siku za muji kufungwa, milimita za juma lile ambalo mulango wa shule ulikuwa na kufuli na hakuna mutu aliyeingia. Wanafunzi walikuwa wamepima mvua kutoka kitandani.

Kaye moja tu, ya musichana wa mwaka wa tano, ilikuwa na matundu. Mbele ya tarehe kadhaa aliandika: "Sikupima. Mulango ulifungwa." Mahali pengine: "Chupa ilianguka, sijui ilikuwa ngapi." Na pengine: "Nilichelewa, nilisoma saa tatu, kwa hiyo maji yanaweza kuwa yamepungua na jua." Mwenzetu mumoja aliyesaidia kusahihisha alitaka kumukata pointi juu ya kazi isiyotimia. Tulibishana kwa muda, na mwisho zile pointi zilibaki.

Miaka ilipita, na musichana yule alirudi kuomba barua ya burse ya agronomia. Hatukuanza na asilimia zake, ambazo zilikuwa nzuri bila kushangaza. Tuliandika juu ya yale matundu. Tulieleza chupa, mulango, jua la saa tatu. Kwa sababu, ndugu zetu, sayansi nzima imekaa juu ya kitu kile. Mutu anayesoma namba ya mwenzake hawezi kurudi ku siku ile na kupima tena. Mvua ya jana imekwisha kuingia udongoni. Anaamini tu. Akili ya kuhesabu inaweza kufundishwa, mashine inaweza kununuliwa, Kifaransa na Kiingereza vinaweza kuongezwa. Lakini mutu anayeandika "sikupima" wakati hakuna anayemwona, na wakati anajua atapoteza pointi, huyo amekwisha kubeba kitu ambacho chuo hakiuzi.

Kuna mufano mukubwa kupita wa chupa yetu. Wakati wa vita vya tangu 1996, Epulu, mu pori la Ituri ambamo kuna hifadhi ya okapi, wakubwa wengi wa kazi walikimbia, na nani angewalaumu? Mutaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki. Alificha mimea iliyokaushwa ya herbarium, alifukia kompyuta na makaratasi ya utafiti, na ilifika siku naye akajificha mu pori. Ile ilikuwa hesabu ya miti, miaka mingi ya kupima unene wa muti mumoja mumoja. Askari hawezi kula hesabu ya miti, lakini anaweza kuwashia moto nayo. Mwaka 2005 Ewango alipewa zawadi ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2010 alipata udoktere ku chuo cha Wageningen, Uholanzi, kwa kazi juu ya kamba za pori lile lile. Barua za kumusifu, kama ziliandikwa, hazikuwa na kazi ngumu. Matendo yalikuwa yameziandika.

Hatusemi kijana angoje vita ndipo ajulikane. Kulinda kazi kunaonekana mu vitu vidogo: ni nani anaosha vyombo bila kuitwa, nani anaandika tarehe ku kila chupa, nani anarudisha hadubini mu sanduku yake, nani anamufundisha mwenzake kinachomushinda bila kumucheka. Hili la mwisho tunalipa uzito. Sayansi ya siku hizi haifanywi na mutu mumoja, na mwenye akili anayeficha kaye yake anafanana na mutu anayelima peke yake mulima muzima.

Lakini kuna neno gumu zaidi, na hapo desturi yetu na sayansi vinaangaliana kwa macho makali. Kwetu mutoto muzuri ni yule anayetii. Hamukatizi mukubwa, hamwambii "umekosa" mbele ya watu. Ndiyo maana neno "mutii" linaandikwa la kwanza mu kila barua. Kumbe kwa wale wanaosoma barua mu vyuo vya sayansi, neno lile likiwa peke yake linaweza kumuumiza kijana. Wanajiuliza: akiona kosa mu kazi ya mukubwa wake, atanyamaza? Na mutafiti anayenyamaza mbele ya kosa, hata kwa heshima, anaweza kuua watu, kama dawa ndiyo inayopimwa.

Je, tuache heshima? Wengine wanasema hivyo, vijana hasa, na wanarudi kutoka ng'ambo wakiongea na baba zao kama wanaongea na konda wa basi. Sisi hatukubali. Tunasema desturi yenyewe ilikuwa na njia, na tuliisahau. Mutoto aliyeona mukubwa anapotea njia mu pori hakusema "unapotea". Alisema: "Baba, macho yangu hayaone vizuri, njoo tuangalie wote." Baba alirudi, aliangalia, na njia ikapatikana bila mutu kuanguka chini. Ukweli ulifika ukiwa umevaa nguo.

Asistanti mumoja alitusimulia jambo linalofanana. Wanafunzi walikuwa wanapima nguvu ya asidi iliyotolewa mu chupa moja kubwa. Kila mutu alijua jibu lililongojewa, liliandikwa mu notisi za mwaka uliopita, na kila mutu alilipata, ama alijifanya kulipata. Kijana mumoja alipata namba ya chini. Alirudia mara tatu, namba ikabaki ile ile. Hakupiga kelele darasani. Alingoja wenzake watoke, kisha akasema: "Asistanti, mi naona mukono yangu haiko sawa, unaweza pima nami?" Walipima wote wawili. Chupa ilikuwa imeongezwa maji, mutu asiyejulikana alifanya hivyo mbele ya darasa kuanza. Tukamuuliza asistanti kama aliandika habari ile siku kijana alipoomba barua. Alisema ndiyo, ilichukua karibu ukurasa muzima, na neno "mutii" hakulihitaji tena, kwa sababu yeyote aliyesoma aliona heshima na ukweli vikitembea pamoja.

Juu ya wasichana tuseme neno, hata likiwa fupi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Frances Trix na Carolyn Psenka, walitoa uchunguzi wa barua zaidi ya 300 za kuombea watu nafasi ya kufundisha ku chuo kimoja cha udaktari. Waliona barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi, zinawasifu zaidi kwa bidii na kufundisha, na za wanaume zinataja zaidi utafiti wao. Ikiwa Marekani iko hivyo, sisi tunaoandika "musichana mupole, mwenye adabu" tujichunguze. Upole ni muzuri, lakini hakuna aliyeomba nafasi ya upole. Katika Bwami mwanaume hakufika daraja la juu bila muke wake naye kupandishwa ku daraja lake, na daraja lile lilikuwa na jina lake mwenyewe. Tutaje basi kazi ya musichana kwa jina lake.

Kutaja kazi kwa jina la aliyeifanya, hiyo pia ni deni la mwenye barua. Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipoanguka Yambuku, munganga Jean-Jacques Muyembe alifika kati ya wa kwanza, akatoa damu za wagonjwa bila glavu, na mumoja wa masista wagonjwa akakubali kwenda naye Kinshasa. Damu ya sista ilipelekwa Ubeleji, na huko kirusi cha Ebola kilionekana. Kwa miaka mingi habari ilisimuliwa zaidi kwa majina ya waliokuwa ku maabara ya mbali. Muyembe alikuwa tayari mutu mukubwa, na jina lake lilikuja kurudi mahali pake. Lakini kijana anayebeba chupa za damu, anayeendesha pikipiki kupeleka sampuli, anayehesabu mbu usiku, nani atamutaja kama si yule aliyemwona?

Tuingie sasa mu jambo linalotugombanisha na jirani. Muzazi anakuja na kusema: "Mwalimu, andika tu vizuri. Wengine wote banadanganya. Mutoto wetu atakosa burse juu ya ukweli wako?" Swali lile si la kucheka. Ni kweli kwamba barua za sehemu nyingi zinajaa sifa, na mwenye kusema ukweli wa kadiri anaweza kumuangusha mutoto wa maskini, wakati mutoto wa mukubwa anapita na barua aliyojiandikia mwenyewe na kuletewa sahihi tu. (Desturi hii ya kijana kujiandikia barua na profesere kutia sahihi imeenea. Wanasema ni kwa kukosa muda. Mushenga aliyetuma bwana arusi ajisemee mwenyewe, tungemuitaje?)

Jibu letu tulilipata sokoni. Kila mama anajua kopo la Guigoz la kupimia maharagi ambalo chini yake imegongwa ikaingia ndani. Muuzaji wa kwanza aliyefanya hivyo alipata faida. Wa pili pia. Leo mununuzi akifika, anaingiza kwanza vidole mu kopo la kila mutu, hata la mama ambaye kopo lake ni zima, na anaomba kuongezewa. Ndivyo barua zetu zilivyo. Kila sifa ya uongo inayotoka ku shule moja inalipwa na mutoto atakayekuja nyuma, yule mwenye kaye ya kweli, ambaye barua yake itasomwa na mutu amekwisha kuingiza vidole. Na huyo wa nyuma mara nyingi ndiye asiye na mujomba mu ofisi.

Kwa hiyo hatukatai kuandika, na hatupaki rangi. Muzazi akituletea kijana tusiyemujua, tunamwambia: aje Jumamosi mbili, tatu, kuna kazi ya kupanga vyombo, kuna chupa ya mvua, tutaona. Wengine hawarudi. Wanaorudi, karibu kila mara tunapata kitu cha kweli cha kuandika juu yao, na kitu kidogo cha kweli kinasomeka vizuri kupita mulima wa sifa. Yule asiyejua kuhesabu haraka lakini anayerudia kipimo bila kuchoka, tunaandika hivyo, pamoja na polepole yake.

Na kwa sababu kichwa cha mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili kinasahau, tumeanza kufanya kama kalani wa ndoa: tunaweka kaye moja ku meza. Tukiona mutoto akifanya jambo, tunaandika tarehe, jina, na tulichoona, mustari mumoja ama miwili. Wanafunzi hawajui kaye ile ni ya nini. Wanadhani ni ya madeni. Mwaka huu ina majina kumi na moja, na mbele ya jina moja tumeandika tu: "Aliuliza, tunajuaje?"